Imbwa wa nyumbani akikufa: jua kwanza, gusa nyuma

Jua linatoka. Baba anarudi kutoka posti ya usiku, vumbi ya kazi ingali juu ya viatu vyake. Siku zote, mbele ya kufika kwenye mulango wa lupango, anasikia Simba, imbwa wake, akibweka kwa furaha. Leo ni kimya. Anaingia na kumuona Simba amelala chini ya muti wa maembe, miguu imekauka, inzi wamejaa kinywani. Watoto wanatoka ndani mbio. Yule mudogo anapiga magoti, anamushika Simba kichwa na kulia: «Papa, Simba haamuki!» Baba amechoka, anatafuta usingizi tu. Anajibu: «Muache, mwanangu. Nitamutupa kwenye mufereji.»

Ndugu mutumishi, na wewe mama wa nyumba, Simba huyu ni wa mufano tu, lakini jambo hili limefika katika nyumba nyingi. Baba yule si mutu mubaya. Hata hivyo, katika dakika moja ile hatari mbili zimeingia katika lupango lake. Mutoto ameshika kichwa cha nyama ambaye hatujui amekufa na nini. Na baba anataka kutupa mwili mahali ambapo maji ya watu wote yanapita.

Kwenye kazi, kila mutu anaijua sheria hii: kamba ya umeme ikianguka chini, hakuna wa kuigusa mpaka fundi wa umeme aseme kwamba moto umekatwa. Mwili wa imbwa ni sawa na kamba ile. Pengine hamuna kitu ndani yake. Pengine muna moto. Kwa hiyo: jua kwanza, gusa nyuma.

AMEKUFA NA NINI?

Imbwa anaweza kufa kwa uzee. Anaweza kugongwa na kamio, kuumwa na nyoka, au kula dawa ya panya. Lakini kuna ugonjwa mumoja ambao lazima tuufikiri mbele ya mengine yote: wazimu wa imbwa, ule ambao wengi wanauita raje. Ugonjwa huo ungali katika inchi yetu. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika watu 100 wanaokufa kwa raje, karibu 99 waliipata kwa imbwa. Na wale wanaoshikwa mara nyingi ni watoto, kwa sababu wao ndio wanaocheza na imbwa, na wakiumwa kidogo wanaficha, wakiogopa kupigwa.

Mbele ya kuchukua jembe, kaa na watu wa nyumba na mukumbuke pamoja siku 10 za mwisho za imbwa wenu. Jiulizeni:

Je, tabia yake iligeuka? Imbwa mupole alikuwa mukali bila sababu, ao imbwa mukali alijificha mahali pa giza na kukataa watu?

Je, sauti yake iligeuka? Mate yalitoka mengi? Taya lilianguka, akashindwa kumeza chakula na maji? Alitembea kama mulevi?

Je, alipotea siku moja ao mbili na kurudi na vidonda? Alipigana na imbwa asiyejulikana?

Je, alipata sindano ya chanjo ya raje? Karti yake iko wapi, na tarehe ya mwisho ni gani?

Na ulizo kubwa kupita yote: je, alimuuma mutu, alimukwaruza, ao alilamba kidonda cha mutu katika siku zile? Waulizeni watoto kwa upole, bila kupandisha sauti. Waulizeni na majirani. Mutoto anayejua kwamba hatapigwa atasema kweli.

IKIWA ALIUMA MUTU

Sikieni vizuri sehemu hii, kwa sababu hapa ndipo uzima unaokolewa ao kupotea.

Virusi ya raje inakaa katika mate ya imbwa siku chache mbele ya alama za ugonjwa kuonekana. Imbwa akishaanza kugonjwa, kwa kawaida hamalizi siku 10 bila kufa. Ndiyo maana wanganga wanasema: imbwa aliyeuma mutu afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki muzima, mate yake hayakuwa na raje siku ile alipouma. Lakini akikufa katika siku zile, kifo chake ni barua. Kinatuambia: yule aliyeumwa yuko katika hatari.

Sasa fikiri juu ya baba anayemutupa imbwa katika mufereji bila kuuliza kitu. Ametupa barua bila kuisoma. Miezi miwili inapita, mutoto anaanza kusikia moto na kuwashwa pale palipokuwa kidonda kidogo kilichokwisha kupona. Kisha anaogopa maji. Siku ile hakuna dawa tena. Alama za raje zikionekana kwa mutu, karibu kila mara ni kifo. Kwa kawaida zinatokea kati ya mwezi mumoja na miezi mitatu baada ya kuumwa, lakini zinaweza kutokea nyuma ya juma moja, ao nyuma ya mwaka.

Lakini nafasi ya kuokoka ni kubwa sana kwa mutu anayefanya haraka. Hivi ndivyo inavyofaa kufanya:

Kwanza, osha kidonda mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Sabuni inaua virusi hiyo. Usitie makala, mafuta ya kamio, majani wala unga wa dawa ya kienyeji. Usifunge kidonda kwa nguvu.

Pili, nenda kwenye dispanseri ao hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo kama alama ya sindano. Munganga ataangalia kama inafaa chanjo peke yake, ao chanjo pamoja na serumu.

Tatu, maliza sindano zote kwa tarehe zilizoandikwa. Mutu anayeacha katikati kwa sababu hasikii maumivu ni sawa na mutu anayevua kofia ya chuma chini ya mwamba unaotikisika.

Njia hii si ya jana. Tarehe 6 Julai 1885, kule Paris, Louis Pasteur alikubali kupimisha chanjo yake kwa Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na imbwa mwenye wazimu. Mutoto yule aliishi. Chanjo za siku hizi ni bora zaidi, na zimeokoa watu wengi sana.

Na yule mutoto aliyeshika kichwa cha Simba? Tusiogopeshe watu bure. Virusi haipiti katika ngozi iliyo nzima. Ikiwa alishika manyoya tu, mikono yake haina kidonda, na hakuigusisha machoni wala kinywani, aoshe mikono vizuri kwa sabuni. Lakini ikiwa mate ya imbwa yaligusa kidonda, jicho ao kinywa, mupeleke kwa munganga bila kungoja.

IKIWA UNAFIKIRI NI RAJE, USIMUZIKE UPESI

Watu wengi hawajui jambo hili. Munganga wa nyama anaweza kujua kwa hakika kama imbwa alikuwa na raje, lakini anahitaji ubongo wake. Ubongo ndio unaopimwa katika laboratwari. Kwa hiyo, imbwa mwenye alama zile tulizoandika, zaidi sana ikiwa aliuma mutu, asipigwe kichwani na asizikwe mbele ya kutoa habari. Watoto na wanyama wengine wasikaribie. Funika mwili kwa gunia, uuweke kivulini, kisha tuma mutu kwenye bilo ya wanganga wa nyama ya muji, ao kwenye dispanseri kusudi wao watoe habari. Kule Lubumbashi, chuo kikubwa kina sehemu inayofundisha wanganga wa nyama.

Kazi ya kukata kichwa si yako. Usijaribu, hata kama wewe ni fundi wa kuchinja mbuzi. Ikiwa munganga wa nyama hawezi kufika, zika kama tutakavyoeleza hapa chini. Na mutu aliyeumwa asingoje jibu la laboratwari: aende hospitali leo.

MWILI ULE SI CHAKULA

Tuseme wazi. Kuna mahali ambapo watu wanakula nyama ya imbwa, na hatukuja hapa kuhukumu meza ya mutu. Lakini imbwa aliyekufa mwenyewe, aliyegonjwa, ao aliyegongwa na motokari, asikatwe na asipikwe. Hatari kubwa haiko katika sufuria, iko katika kisu. Yule anayechuna ngozi na kupasua kichwa anagusa mate na ubongo, na kidole chake kikiwa na mukwaruzo mudogo tu, mulango uko wazi. Katika inchi ya Vietnam, wanganga walieleza mwaka wa 2009 habari za watu wawili waliokufa kwa raje bila kuumwa: mumoja alikuwa ametengeneza nyama ya imbwa aliyegongwa barabarani, na mwingine ya paka aliyekuwa mugonjwa.

Tena, imbwa aliyekula sumu anabaki na sumu tumboni. Nguruwe, kuku ao imbwa wa jirani akimula, naye atakufa. Ni vilevile kwa imbwa ambaye munganga wa nyama alimuchoma sindano ya kumupumuzisha: dawa ile inabaki katika nyama. Hata matapishi yake yafunikwe na udongo na yazikwe pamoja naye.

NAMNA YA KUZIKA

Wewe unayechimba mawe kila siku, shimo la imbwa halitakushinda. Lakini lichimbwe vizuri.

Chagua mahali. Pawe mbali na kisima hatua 40 kubwa ao zaidi, tena upande wa chini ya kisima, si upande wa juu. Pawe mbali na muto na mufereji. Pasiwe katika bustani ya mboga. Wakati wa mvua, maji yakionekana ndani ya shimo, lifunike na utafute mahali pakavu zaidi. Ikiwa unakaa katika nyumba ya kampani, ama lupango lako ni dogo, uliza shefu wa kambi ao shefu wa kartie akuonyeshe mahali. Usitumie mashimo ya zamani ya madini: kuta zake zinaanguka, na maji yake yanakwenda mbali.

Jilinde. Vaa viatu vya kufunika miguu na ingiza kila mukono katika mifuko miwili ya plastiki isiyotoboka. Usimubebe imbwa kifuani. Musukume polepole kwa mupini wa jembe juu ya gunia, kisha vuta gunia. Fanya hivyo mapema: mwili ukipoa, viroboto na kupe wanauacha na kutafuta damu ya moto, maana yake yenu.

Chimba kwa kina. Juu ya mwili pabaki udongo wa meta moja. Shimo fupi ni kazi bure: imbwa wengine watalifukua usiku, na mvua ya kwanza itamaliza. Muzike ndani ya gunia, kitambaa cha zamani ao karto. Usimufunge katika plastiki, kwa sababu hapo haozi upesi. Rudisha udongo wote, ukanyage vizuri, na uweke mawe mazito juu.

Safisha. Pale alipolala na sahani yake, mwanga maji ya sabuni, kisha maji ya javel. Usichanganye javel na asidi wala dawa nyingine: moshi unaotoka unachoma mapafu. Nguo na jembe vioshwe na kuanikwa juani. Mifuko ya plastiki iingie shimoni mbele ya kulifunika. Mwisho, osha mikono mpaka kwenye kiwiko.

Na njia nyingine? Mufereji na muto vinapeleka uchafu kwa yule mama anayelowesha mihogo upande wa chini. Jalala linaita imbwa, nguruwe na watoto wanaotafuta vyuma. Kuchoma kwa petroli ao mipira ya motokari kunaleta ajali ya moto na moshi mubaya, na mwili unabaki nusu. Udongo wa kutosha ndio dawa nzuri zaidi.

SHERIA ILIYOZAA MAKABURI

Wengine watacheka: «Imbwa hana kilio. Kaburi la nini?» Basi, tuwaeleze jambo lililofika Ufaransa. Zamani, watu wengi wa Paris walifanya kama yule baba wetu: walitupa imbwa waliokufa katika jalala na katika muto Seine. Mwaka wa 1898 sheria ilitoka: mwili wa nyama wa nyumbani uzikwe mbali na nyumba za watu, chini ya udongo wa kutosha. Lakini mutu asiye na shamba angezika wapi? Katika mwaka wa 1899, kule Asnières, karibu na Paris, walifungua makaburi ya imbwa na ya wanyama wengine wa nyumbani. Yangali pale mpaka leo, na watu wanayatembelea.

Ona basi: mapendo na usafi vilikutana katika shimo moja. Sisi hatuna lazima ya kujenga makaburi kama yale. Lakini kila nyumba inayozika imbwa wake vizuri inafanya mambo mawili kwa mara moja: inamuheshimu mulinzi wake, na inawalinda majirani.

KUMUKUMBUKA

Hata hapa kwetu imbwa hakuwa kitu cha bure. Wawindaji wa Kongo walimufunga kengele ya muti shingoni, kusudi wamusikie katika pori. Mutu hamutengenezei kengele nyama asiyekuwa na bei kwake.

Mutoto anayelilia imbwa wake asichekwe. Pengine ni mara ya kwanza anaona kifo. Usimudanganye kwamba Simba amekwenda kutembea, kwa maana atamungoja kila jioni kwenye mulango. Mwambie kwa maneno mafupi: «Simba amekufa. Hatarudi. Si kosa lako.» Umuonyeshe namna ya kumuaga pasipo kumugusa: asimame hatua chache, aseme jina lake, atupe konzi moja ya udongo, kisha aoshe mikono.

Nyuma yake, kila jamaa inachagua. Wengine wanaweka jiwe moja bila kuandika kitu. Wengine wanapanda muti pembeni ya kaburi, si juu yake, kusudi jembe lisifike kwenye mwili. Mutoto anayesoma anaweza kuchora sura ya imbwa wake, ao kuandika habari yake katika kaye ya masomo. Ukitaka kushika munyororo ao kengele yake, ichemshe katika maji, ioshe kwa sabuni na uianike juani. Lakini ikiwa raje ilifikiriwa, zika mukaba wa ngozi na kamba pamoja naye. Mambo haya hayaombi franga. Wala hayaombi kuita watu kama kwenye kilio cha mutu. Majirani wana desturi zao, na hakuna haja ya kuwasumbua.

Lakini ukumbusho uliopita yote ni huu: imbwa atakayefuata apate chanjo. Mutoto wa imbwa anachanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha chanjo inarudishwa kwa tarehe ambayo munganga wa nyama anaandika katika karti. Ikiwa Simba alikufa kwa raje, ao unafikiri hivyo, imbwa na paka wengine wa lupango wafungwe, na munganga wa nyama awaone mbele ya kuleta mupya. Kila mwaka, tarehe 28 Septemba, siku Pasteur aliyokufa mwaka wa 1895, ni siku ya dunia ya kupigana na raje. Uliza mapema kama siku ile kutakuwa na chanjo katika muji wako.

Turudi sasa kwa baba yule. Anasimama katika mulango, macho mazito, watoto wanalia. Hahitaji kuwa munganga. Anahitaji kusema maneno matatu tu: «Musimuguse. Aliuma nani?» Kisha atafute jibu mbele ya kutafuta kitanda. Usingizi wa posti ya usiku utangoja saa moja. Raje haingoji mutu.